Heshima kwa Asiyecheza

Katika michezo heshima hupimwa kwa jasho. Mchezaji hukimbia, huanguka, huumia, na siku zake zikiisha watu humwekea ukumbusho kwa kadiri ya alichotoa. Kanuni hii ni nyepesi hata mtoto huielewa. Walakini miji mingi ya ulimwengu imeivunja kwa furaha: timu moja imeshona jezi kwa jina la mwimbaji, nyingine imemwahidi padri kiwanja, nyingine imemsimamishia mcheza dansi sanamu, na watu hao hawakupata kuzichezea timu hizo hata dakika moja. Si haki kuipita desturi hii kwa kicheko tu. Yafaa kuuliza ni nani atoaye heshima hiyo, na kwa deni gani.

Huko Marekani heshima kubwa ya mchezaji ni kupumzishwa kwa namba yake. Tarehe 4 Julai 1939 timu ya besiboli ya New York Yankees iliipumzisha namba 4 ya Lou Gehrig, ambaye maradhi yalikuwa yamemwondoa mchezoni, na tangu siku hiyo hakuna mwingine wa timu ile aliyeivaa. Thamani ya tendo hili imo katika uchache wake. Hesabu haina mwisho, lakini mgongo wa mchezaji hubeba tarakimu mbili tu. Kila namba inayopumzishwa huwapunguzia vijana wajao. Pamoja na hayo, mwaka 2003 timu ya mpira wa kikapu ya Miami Heat iliipumzisha namba 23 ya Michael Jordan, mtu ambaye si mzaliwa wa mji ule, hakuichezea timu ile kamwe, na aliishinda mara nyingi. Ilikuwa kana kwamba mwenye nyumba anamshukuru mgeni kwa kumpiga kwa ustadi.

Kisa cha Fulham, jijini London, kina mafunzo zaidi. Mwenye klabu ile, Mohamed Al-Fayed, alikuwa rafiki wa mwimbaji Michael Jackson, na mwaka 1999 alimleta uwanjani Craven Cottage kutazama mchezo mmoja. Jackson alizaliwa Gary, katika jimbo la Indiana, mbali sana na ukingo wa mto Thames. Alipokwisha kufariki, Al-Fayed alimsimamishia sanamu uwanjani hapo, ikafunuliwa mwezi wa Aprili 2011. Mashabiki wengi waliguna, na mwenye klabu akawajibu kwamba asiyependezwa na aende kushangilia timu nyingine. Uwanja huo huo ulikuwa tayari na sanamu ya Johnny Haynes, aliyeichezea Fulham michezo 658. Basi wakasimama sanamu wawili katika kiwanja kimoja, mmoja wa michezo 658 na mwenziwe wa ziara moja. Klabu ilipouzwa mwaka 2013 mwenyeji mpya aliiondoa sanamu ya mwimbaji. Msimu ule timu ikashushwa daraja, na Al-Fayed akadai kwamba hiyo ndiyo adhabu ya kuiondoa. Sanamu ilipelekwa katika jumba la makumbusho ya kandanda huko Manchester mwaka 2014, na mwaka 2019 ikaondoshwa huko nako. Maskini, haikuwa na pa kukaa, kwa sababu hapakuwa na watu walioiita. Ilikuwa zawadi ya tajiri kwa rafiki yake, iliyowekwa katika ua wa watu wengine.

Kinyume cha hayo chaonekana Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, katika klabu ya San Lorenzo de Almagro. Klabu hii ilianza mwaka 1908, kwa vijana waliokuwa wakicheza barabarani, na padri mmoja, Lorenzo Massa, akawafungulia ua wa kanisa ili wasije wakagongwa na magari. Jorge Mario Bergoglio alizaliwa mwaka 1936 katika mtaa wa Flores wa jiji hilo hilo. Alikuwa na umri wa miaka tisa San Lorenzo ilipotwaa ubingwa wa mwaka 1946, na uzeeni aliikumbuka timu ile kwa mapenzi ya mtoto. Akawa padri, akawa askofu mkuu wa jiji, na kadi yake ya uanachama wa klabu ilikuwa na namba 88235. Mwezi wa Machi 2013 alichaguliwa kuwa Papa, akaitwa Fransisko. Siku chache baadaye San Lorenzo iliingia uwanjani na picha yake katika jezi. Na mwezi wa Agosti 2014, ilipotwaa Kombe la Libertadores kwa mara ya kwanza, wachezaji na viongozi walilichukua kombe hadi Vatikani wakamwonyesha.

Kuna jambo dogo hapa linalostahili kukaa moyoni. Papa huyu alikuwa ameweka nadhiri tangu mwaka 1990 kutotazama televisheni, hata akawa hawezi kuiona timu yake ikicheza. Askari mmoja wa walinzi wake wa Uswisi ndiye aliyekuwa akimwekea mezani matokeo ya michezo na msimamo wa ligi. Mapenzi ya namna hii, yasiyodai hata kuona, yana sauti kuliko wimbo wa kulipwa.

Tena San Lorenzo haikumpa ukumbusho mwepesi. Kiwanja chake cha zamani, katika barabara ya La Plata, kilichezewa mara ya mwisho mwaka 1979, zama za utawala wa kijeshi. Ardhi ikauzwa, na juu yake likajengwa duka kubwa la kampuni ya Kifaransa. Kwa miaka mingi watu wa mtaa ule walinunua mkate na sabuni mahali ambapo baba zao walishangilia mabao. Hawakusahau. Waliandamana, wakachanga fedha za kununua ardhi meta kwa meta, na mwaka 2012 baraza la jiji likapitisha sheria ya kuwarejeshea kiwanja chao. Ni uwanja huo watakaoujenga upya ndio viongozi wa klabu walioutangazia jina la Papa Fransisko. Jina lake, basi, halikubandikwa juu ya kitu kilicho tayari. Lilifungwa pamoja na dai la mtaa uliodhulumiwa. Papa alifariki tarehe 21 Aprili 2025, naye ana miaka 88, na mashabiki hawakukawia kuona kwamba tarakimu hizo mbili ndizo zinazoanza namba ya kadi yake. Sadfa ni sadfa; lakini mji unaompenda mtu hupenda pia kuhesabu.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi kuhukumiwa. Mwanamuziki Prince alizaliwa Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, mwaka 1958, na tofauti na wengi waliopata sifa hakuhama. Alijenga makazi na studio, Paisley Park, katika kiunga cha jiji hilo, akaishi humo hadi kufa kwake mwaka 2016. Utotoni alicheza mpira wa kikapu shuleni, ijapokuwa kimo chake kilikuwa kifupi mno kwa mchezo wa majitu. Mwaka 2010 aliitungia wimbo timu ya jimbo lake ya mpira wa Kimarekani, Minnesota Vikings, wakati ikielekea mchezo mkubwa. Timu ikashindwa, na wimbo ule haukosi kutajwa na wenye mzaha.

Lakini tendo lake zuri kupita yote lilikuwa la usiku mmoja wa Oktoba 2015. Wanawake wa Minnesota Lynx walikuwa wametwaa ubingwa wao wa tatu katika muda wa miaka mitano, na Prince alikuwamo ukumbini akitazama. Mchezo ulipokwisha aliwaalika Paisley Park, akawapigia muziki kwa saa nyingi hadi usiku wa manane kupita. Miezi sita baadaye alikuwa maiti. Yeye ndiye aliyewaheshimu kwanza. Aliyekuwa mashuhuri aliwainamia wasioimbwa sana, maana ubingwa wa wanawake, hata ukirudiwa mara tatu, haukupata kelele ipatayo timu ya wanaume inayoshindwa.

Mwaka 2018 heshima ilimrudia Prince mwenyewe: ilishonwa jezi ya zambarau, rangi ya filamu na wimbo vilivyomtukuza. Iliyoivaa ni Minnesota Timberwolves, timu ya wanaume inayochezea ukumbi ule ule wa Lynx, ambayo kabla ya mwaka huo ilikuwa imekaa misimu 13 mfululizo bila kufika hatua ya mtoano. Jezi ilipendeza, na mji uliipokea kwa dhati. Si haki kuwabeza watu waliolia walipoiona. Hata hivyo maswali mawili hubaki. La kwanza, kwa nini ua lile halikutupwa kwanza upande wa wale aliowachezea usiku kucha? La pili ni zito zaidi. Prince aliishi akigombania mamlaka juu ya jina lake na kazi zake, hata mwaka 1993 akaliacha jina akatumia alama isiyotamkika. Naye alikufa bila wasia. Ruhusa ya jezi ilitolewa na wasimamizi wa mirathi yake, na jezi ikauzwa madukani. Heshima na biashara zilivaa nguo moja, na marehemu hakuwa na kinywa cha kusema ndiyo wala siyo.

Aliye hai angalau hujibu. Ed Sheeran, aliyelelewa Framlingham katika jimbo la Suffolk, Uingereza, alikuwa mdhamini wa jezi za Ipswich Town mwaka 2021, na klabu ikamwandika katika orodha ya wachezaji kwa namba 17. Ni mzaha mwema, lakini anayeandikwa ndiye anayelipa. Elton John, mtoto wa Pinner jirani na Watford, alitoa zaidi ya fedha: alikuwa mwenyekiti wa Watford tangu mwaka 1976, akaitoa timu daraja la nne ikafika la kwanza mwaka 1982, jukwaa lililopewa jina lake mwaka 2014 lilikuwa ujira wa haki, japo hakugusa mpira.

Afrika Mashariki desturi hii imeshika viwanja kuliko timu, na mtoaji aghalabu ni serikali au chama. Katika viwanja hivyo kimoja kinawahusu hasa wapenzi wa Kiswahili: Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha. Mwenye jina hilo, Kaluta Amri Abedi, hakuwa mchezaji wala mtoto wa Arusha. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, akawa waziri, akafariki mwaka 1964. Na kabla ya vyeo hivyo vyote alikuwa mshairi, mwenye kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, kilichotoka mwaka 1954. Kila timu ikicheza pale watangazaji hulitaja jina hilo mara kwa mara, na maelfu hulisikia pamoja na mabao na kadi za njano. Ni shairi gani jingine la Kiswahili ambalo mtungaji wake hutajwa na umati mkubwa hivyo, na wengi wao wasijue kwamba alitunga? Ubeti mmoja wa diwani ile, ukichorwa juu ya lango kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani, ungewaambia wanaopanga foleni ya tikiti wako kwa nani.