Kazi ya Kupiga Hodi

Watu wengi wakisikia neno afya humfikiria daktari aliyevaa koti jeupe, au muuguzi na sindano yake. Sisi tunaoishi juu milimani, upande wa Chome, chini ya kilele cha Shengena, afya mara nyingi hutufikia kwa miguu ya mtu mwingine: yule anayepita katikati ya migomba, akasimama uani na kupiga hodi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1973, nikiwa mwalimu kijana niliyetoka chuo cha ualimu hivi karibuni, ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, vijiji vingi vilipata wahudumu wa afya. Wengi walikuwa wa kujitolea, na kujitolea, ndugu msomaji, hakununui chumvi. Si ajabu kwamba wengi walirudia majembe yao.

Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ilizindua mpango mwingine, wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Safari hii kuna mafunzo ya miezi sita, na kuna posho.

Binti wa jirani yangu alikuwa mmoja wa waliochaguliwa na mkutano wa kijiji. Nilimfundisha kusoma na kuandika kabla sijastaafu. Matokeo ya kidato cha nne hayakumpeleka mbele, na baba yake alitaka aende Dar es Salaam kwa mjomba, akauze duka. Alikuja kwangu jioni.

"Shikamoo Mwalimu. Eti hii nayo ni kazi?"

"Marahaba. Wamekuambia utafanya nini?"

"Kutembelea nyumba za watu."

Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa na kengele ya kuwaita wanafunzi waje kwangu. Yeye ataenda kwao, na si kila mlango utafunguka. Alicheka, akaenda mafunzoni.

Alirudi na mfuko, daftari na utepe wa kupimia mkono wa mtoto, wenye rangi tatu. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mkono wake haufiki sentimeta 11.5 huangukia penye rangi nyekundu, naye hupelekwa zahanati bila kungoja. Mhudumu hachomi sindano. Huuliza, hupima, huandika, humwelekeza mtu pa kwenda, na kesho yake hurudi kuona kama alikwenda. Huko kurudi ndiko kunakochosha, hasa wakati wa masika, njia zetu zinapoteleza kama sabuni.

Mtihani wake wa kwanza haukuwa wa utepe. Mzee mmoja alikuwa amekohoa zaidi ya mwezi, na jamaa zake walimficha kwa kuogopa maneno ya watu. Kikohozi cha wiki mbili kinatosha kumpeleka mtu kupimwa makohozi. Binti alikwenda kwake mara tatu. Mara ya nne mzee alikubali. Ilikuwa kifua kikuu, akaanzishiwa dawa za miezi sita. (Haya nimeyasikia kwa mzee mwenyewe, naye ameniruhusu kuyaandika.)

Hapo ndipo shangazi yake binti, dada wa baba yake, alipomkalia kitako. Alitaka kujua mle ndani mna nini, maana anachota maji bomba moja na watu wale. Kwetu Upare shangazi si mtu wa kunyimwa jibu. Binti akajibu, "Shangazi, kama ningekuambia ya kwao, kesho ningewaambia ya kwako." Ukoo ukaitana. Walisema mtoto amepata kiburi cha chuo. Baba yake, yule yule wa habari za duka, alisikiliza hadi mwisho, akasema tu kwamba binti yake yuko kazini.

Mzee amemaliza dawa na analima tena. Shangazi bado anaitikia salamu kwa nusu mdomo. Binti hupita pale kila mwezi, kwa kuwa nyumba ile nayo imo daftarini mwake, na mkwe wa shangazi ni mjamzito.