Alitaka Chopsi ya Pinki Ndani, Nikairudisha Jikoni

Jamani, kuna ugomvi wa wapenzi unaoanza na simu, kuna unaoanza na meseji ya saa nane usiku. Wetu ulianza na kipande cha kitimoto. Kaka mwenyewe simtaji jina. Akisoma hapa atajijua.

Mimi naishi Magamba, juu ya mji wa Lushoto, kule ambako mwezi wa Juni ukungu unashuka kutoka msituni na mtu wa Dar unamkuta kavaa soksi mbili. Kazi ndiyo iliyonileta. Nimepanga chumba kwa bibi mmoja wa Kisambaa, Mwislamu wa swala tano. Bomba tunachangia, kamba ya nguo tunachangia, choo tunachangia. Siku ya kwanza tu nilimuuliza kama naruhusiwa kupika nguruwe. Akacheka.

"Pika mjukuu wangu, dini yako siyo yangu. Ila sufuria zangu usiziguse, na uangalie upepo unaelekea wapi."

Basi nikanunua jiko langu la mkaa, sufuria yangu na kisu changu. Napikia nyuma ya nyumba, na mpaka leo hatujawahi kukwaruzana.

Huyu kaka akaja kunitembelea wikiendi. Ni wale wanaopiga picha chakula kabla ya kuomba. Nikasema nisimpikie kitimoto ya kukatakata anayokula baa kila Ijumaa. Nikashuka Lushoto mjini, nikamwambia muuza nyama anikatie chopsi nne, kile kipande cha mgongoni chenye mfupa wake, nene, sentimita tatu na ushee.

Ijumaa usiku nikafanya kama nilivyoona kwenye video. Kikaango cha moto mkali, mafuta kidogo, dakika nne huku, dakika nne kule. Nje ikapendeza, kahawia, inanukia mpaka unameza mate. Nikakata. Ndani mbichi kabisa, nyekundu kwenye mfupa.

Mimi nikaona aibu. Mwenzangu akafurahi! "Hapo hapo, usiiguse! Wenzetu ndivyo wanavyokula, pinki katikati." Simu ikatoka, picha ikapigwa, ikapanda Insta. Uma ukaanza safari ya kwenda mdomoni.

Nikamshika mkono. Nikachukua sahani, nikairudisha nyama jikoni. Akanuna. Akasema mimi mshamba, tena namdhibiti mpaka tumbo lake. Kiukweli iliniuma, nikaona bora nimwambie kitu ambacho nilikuwa sijawahi kumwambia.

Mimi nimekulia Mbozi, huko Songwe. Kwetu nguruwe wanafugwa sana, na zamani wengi walikuwa wanazurura tu. Mama yangu mdogo ni Msabato wa damu, hajawahi kuonja nguruwe maishani mwake. Siku moja akaanguka shambani, povu mdomoni. Kifafa. Watu wakasema karogwa, tukazunguka kwa waganga, hela ikaisha. Baadaye sana akapigwa picha ya kichwa kwenye hospitali kubwa. Kwenye ubongo kulikuwa na vifuko vidogo vya mabuu ya tegu wa nguruwe.

Sote tukashangaa. Amepataje wakati hali nguruwe?

Daktari akatueleza. Ukila nguruwe mwenye vifuko ambaye hajaiva, wewe unapata mnyoo tumboni, tegu mrefu. Unaweza usijue hata kama unao. Huyo tegu anatoa mayai, mayai yanatoka chooni. Mikono isiponawa vizuri, au kinyesi kikifika kwenye maji na mboga, mtu mwingine anayameza. Ndani ya mwili wake mayai yanakuwa mabuu, na yakipanda kwenye ubongo ndiyo hayo. Nguruwe naye akila kinyesi hicho anapata vifuko kwenye nyama, mzunguko unaanza upya. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye maeneo yenye ugonjwa huu unaweza kuchangia mpaka asilimia 30 ya kifafa.

Kwa hiyo nikamwambia: nyama mbichi unakula wewe, kifafa anaweza kukipata mwenzako. Hapa choo nachangia na bibi ambaye hajagusa nguruwe tangu azaliwe, na mboga tunachuma bustani moja. Nitamwambia nini?

Akabaki kimya. Halafu akauliza, mbona Wamarekani wanakula pinki? Swali zuri. Marekani mwaka 2011 walishusha kiwango cha joto la ndani ya chopsi kutoka nyuzi 71 hadi 63, halafu unaipumzisha dakika 3 kabla ya kula. Lakini wao wana kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama, na nguruwe wao wengi wanafugwa ndani, hawakanyagi kinyesi cha mtu. Mimi kipimajoto sina. Kipimo changu ni kisu: nikikata karibu na mfupa, pinki isiwepo, na maji yanayotoka yawe meupe.

Shida ikabaki moja. Chopsi nene utaiivishaje bila kuifanya kandambili?

Jumamosi mchana nikajaribu ya pili kwa njia ya baa: chemsha kwanza, kaanga baadaye. Chumvi, tangawizi, maji kidogo, funika. Huku milimani maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwa hiyo nikaipa muda wa kutosha. Ikaiva, usalama asilimia mia. Ila utamu wote ulihamia kwenye supu. Kwa vipande vidogo njia hii ni sawa, kwa chopsi nene unakula kamba. Ile supu nikapikia ndizi, hatukupoteza kitu.

Jioni bibi alikuwa anapika wali uani. Maji yalipokauka akatoa makaa chini, akayapanga juu ya mfuniko. Kupalia. Nimeona wali ukipaliwa tangu utotoni, lakini siku hiyo ndiyo akili ikafunguka: moto juu, moto chini, polepole. Hiyo si ovena hiyo?

Nikaenda nyuma ya nyumba na chopsi mbili zilizobaki. Fanya hivi:

Paka chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, acha saa mbili mahali pa baridi, halafu zifute ziwe kavu. Chanja ule ukingo wa mafuta sehemu tatu ili nyama isijikunje. Panga kwenye sufuria nzito, funika, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Dakika 25 hivi, geuza mara moja. Kata uangalie. Ikiwa imeiva, hapo sasa ndiyo uwashe kikaango mpaka kitoe moshi. Simamisha chopsi kwa ule ukingo wa mafuta kwanza, yayeyuke, halafu kila upande dakika moja tu ipate rangi. Ipumzishe dakika tano, usiikimbilie.

Yaani kinyume cha video: moto mdogo unatangulia, moto mkali unamalizia.

Na kabla ya yote, kagua dukani. Uliza mhuri wa mkaguzi wa nyama. Ukiona vipunje vyeupe kama punje za mchele ndani ya nyama, usibembeleze bei, ondoka.

Alikula bila kuongea. Alipomaliza akaushika mfupa kwa mkono akaufyonza, na picha akasahau kupiga. Hakuniomba msamaha, na mimi sikuudai. Jumapili akapanda basi. Alipofika Mombo nikaona ile picha ya pinki ameifuta ukurasani. Jioni ikaingia meseji: "Mama mdogo anaendeleaje siku hizi?" Nikalia kidogo, sitaki kudanganya. Anaendelea vizuri, anakunywa dawa kila siku.

Bibi naye alinikuta bombani asubuhi yake. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Jana upepo ulikuwa mzuri," akasema. "Mkwe wangu ameshiba?"

Ameshiba, bibi.

Haya, na nyie wa kitimoto, mwenzako akitaka ya pinki unampa au unairudisha jikoni?