Nusu ya Hadithi

Wanakamati wameniomba mwaka huu niandike jambo la kuchekesha. Nimejaribu, lakini kalamu imenipeleka penye woga. Mtaniwia radhi, maana kisa hiki kinamhusu kila mwenye mtoto anayependa kusimuliwa.

Mnaikumbuka baridi ya Februari 2021. Dada yangu na wanawe walitoka Houston kuja kwetu Arlington kabla theluji haijaanguka, wakakwama. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15 umeme ukakatika. Jumanne alfajiri baridi ikafika nyuzi 19 chini ya sifuri za Selsiasi. Tulilala watu wanane sebuleni, na mshumaa mmoja. Baadaye serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246 kwa sababu ya dhoruba ile. Lakini watoto hawakuiogopa baridi hata chembe. Kwao ilikuwa sherehe. Mpwa wangu, wa miaka tisa wakati ule, akasema, "Mjomba, tupe hadithi ya kutisha."

Nikaanza na ya hapa hapa. Julai 1969 gazeti la Fort Worth liliandika habari za dude, nusu mtu nusu mbuzi, lililoonekana kwenye Ziwa Worth. Watu wakafurika usiku na magari yao, wengine na bunduki, na ikasemwa kwamba dude liliwarushia gurudumu la gari kutoka juu ya genge. Watoto wakacheka mpaka wakapaliwa. "Sasa mbuzi atarushaje gurudumu?"

Nikaona haya kama mpishi aliyerudishiwa sahani. Basi nikawapa ya kwetu. Paukwa! Pakawa! Nikawasimulia Popobawa: kwamba huingia nyumba iliyofungwa, unaamka huwezi kuinua kidole wala kuita, na kitu kizito kimekukalia kifuani. Yasiyofaa masikio ya watoto niliyaruka. Nikamalizia na lile sharti lake: aliyejiwa naye asipowasimulia watu, atajiwa tena. Safari hii hakucheka mtu. Mshumaa ukaisha, nami nikajiona fundi.

Wiki mbili baadaye dada akanipigia simu. "Kaka, umemfanya nini mwanangu? Halali chumbani mwake. Na darasa zima ameshalisimulia, maana anaogopa akinyamaza atajiwa yeye." Nilitaka kucheka, lakini sauti yake haikuwa ya mzaha.

Tangu hapo nikawa nawaza kwa nini hii ilimwingia na ile ya mbuzi haikumwingia. Nadhani ni kwa sababu mbuzi wa ziwani ana kwao. Usipokwenda ziwani hamkutani. Popobawa anakuja kitandani, mahali pale pale ulipokimbilia. Tena mbuzi amekwisha elezwa pembe na kwato zake, amekuwa mnyama tu. Kisichoonekana humaliziwa umbo na msikilizaji mwenyewe, naye anajua vizuri anachokiogopa. Na lile sharti humnyanyua msikilizaji mkekani na kumtia ndani ya hadithi.

Mwili nao una sehemu yake. Ndani ya ubongo kipo kijisehemu mfano wa lozi ambacho kikihisi hatari huufanya moyo upige mbio kabla akili haijauliza swali. Ni mlinzi hodari, ila hupiga kelele kwanza, akaangalia baadaye. Na kule kuamka usiweze kujitikisa si uongo. Wazee wetu walikuita jinamizi. Wataalamu wa usingizi wanaeleza kuwa mtu anapoota, misuli yake hulegezwa na kufungwa asije akainuka kuitenda ndoto. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Hapo kifua huwa kizito, na mtu huhisi kuna mwingine chumbani. Huwapata watu wa kila nchi, na wengi wamekipa kitu hicho jina lao.

Hayo ningeweza kumwambia kijana kwa simu. Lakini nilijua ipo nusu ya hadithi niliyoificha, wala si kwake tu. Hata mke wangu alikuwa haijui.

Mwaka 1995 nilikuwa kijana, Ng'ambo ya mji wa Unguja. Woga wa Popobawa ulianzia Pemba ukavuka bahari. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, na watu walikwisha kutazamana kwa mashaka. Usiku tulitoka na mikeka, familia nzima nzima, tukawasha moto nje. Sitasema uongo, ulikuwepo utamu wake. Kahawa ilizunguka, karata zilichezwa, na majirani waliokuwa hawasemezani walilala bega kwa bega. Kifo cha wengi arusi, na woga wa wengi pia.

Kisha usiku mmoja akapita mtu tusiyemjua. Akaulizwa, "Nani wewe?" akababaika. Kufumba na kufumbua tumemzunguka. Mimi mkononi nilikuwa na mchi. Bibi mmoja jirani akapenya katikati yetu, akamshika mkono, akamwuliza, "Mwanangu, umekula?" Mtu yule akalia. Alikuwa anatafuta nyumba ya shemeji yake. Tukatawanyika bila kutazamana usoni. Mwaka ule ule, kwingine Unguja, mtu mgonjwa wa akili aliyekuja kutafuta matibabu aliuawa na umati kwa kudhaniwa ndiye Popobawa. Baina yake na yule mgeni wetu tofauti ilikuwa bibi mmoja.

Basi Machi nikaishika barabara ya 45, karibu maili 240 mpaka Houston, nikamsimulia mpwa wangu yote, na mchi wangu nisiuache. Akanyamaza kitambo.

"Mjomba, yule mtu aliogopa?"

"Kuliko sisi sote."

"Na wewe?"

"Mpaka leo, nikiukumbuka mchi."

Usiku ule alilala chumbani mwake, mlango wazi, nami nikajinyoosha ukumbini. Alianza kukoroma kabla yangu.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nami naona kwamba zimwi unalolijua mpaka mwisho wake halikumalizi. Kwa hiyo, ndugu zangu, tuendelee kuwasimulia watoto wetu, wasikose utamu wa kutetemeka pamoja. Lakini tusiwape dude tu, tukawanyima moto, kahawa, na bibi aliyeuliza, "Umekula?"

Wasalaam.