Upande wa Pili wa Kadi

Mei 2022 Kisumu ilipokea mkutano wa tisa wa Africities, ule unaokutanisha viongozi wa miji na serikali za mitaa za Afrika. Tangu wa kwanza uliofanyika Abidjan mwaka 1998, mkutano huo ulikuwa haujawahi kupelekwa kwenye mji wa kiwango cha kati kama huo. Mimi nilikabidhiwa kazi ambayo kwenye ratiba ilichukua mstari mmoja tu: kuandaa vikao vya kujuana.

Siku ya kwanza niliiharibu. Nilipanga viti kwa safu, kipaza sauti kikazunguka, kila mtu akataja jina, cheo, mji na mradi wake. Muda uliisha nusu ya ukumbi haijafikiwa. Kadi za majina ziligawiwa kwa wingi, na jioni nilipokuwa nikikusanya karatasi nikaokota kadhaa chini ya viti. Iliniuma sana. Kuna waliofika pale baada ya siku mbili za basi na foleni za mipakani.

Usiku sikulala vizuri. Nilikumbuka mwaka tuliohamia mtaa mpya, nikiwa bado mtoto Mwanza. Wiki mbili nzima tuliwasalimia majirani, nao wakatusalimia, basi. Kisha mama akanituma mlango wa pili kuomba chumvi. Jioni ile ile jirani akaja kwetu kuomba kibiriti, akakaa mpaka taarifa ya habari. Toka siku hiyo milango yetu haikufungwa mchana. Miaka mingi baadaye mama aliniambia kwamba kopo la chumvi siku ile lilikuwa limejaa.

Kesho yake ukumbini niliondoa safu zote. Nikagawa kadi tupu: upande mmoja mtu aandike alicho nacho, wa pili anachohitaji. Upande wa kwanza ulijaa haraka, na kwa mwandiko mzuri: mipango miji, ramani, bustani, mabasi. Wa pili, kwenye kadi nyingi, ulibaki mweupe.

Nilikaa na zile kadi wakati wa chai na kuzifikiria kwa muda mrefu. Sikuona kiburi ndani yake. Afisa aliyesafiri kwa fedha za mji wake amebeba jina la mji mzima. Ukumbini wamo wafadhili, wamo waandishi, yumo meya wa mji jirani anayegombea fedha zile zile. Utamwambiaje mtu huyo aandike kwa mkono wake kwamba taka zimemshinda? Kosa lilikuwa langu: nilitaka watu waombe hadharani kabla sijawapa pa kujisitiri.

Kwa hiyo kipindi cha mchana tulirudia, bila jina wala mji. Kila mtu aliandika hitaji moja tu, nami nikazibandika kadi ukutani kwa mkono wangu, zikiwa zimechanganywa. Kisha nikawaomba watu wasimame mbele ya kadi inayowagusa, hata kama si wao walioiandika.

Kadi moja iliandikwa kwa Kiswahili: “Nahitaji choo kisichochimbwa.” Mbele yake walisimama watatu. Mmoja alikuwa mama wa Nyalenda, mtaa wa mabondeni hapo hapo Kisumu, kiongozi wa kikundi cha vijana wanaosafisha vyoo vya shimo. Mwingine alikuwa afisa wa afya kutoka Goma. Wa tatu alikuwa mhandisi wa maji kutoka kwetu Mwanza.

Mama alieleza kwamba Nyalenda ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Mvua ikinyesha, shimo hujaa kutoka chini na uchafu hutembea hadi kwenye visima. Yule afisa akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mama, kwetu ni jiwe.” Goma imejengwa juu ya miamba iliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo, na mwaka mmoja kabla ya mkutano ule, Mei 2021, mlima ulikuwa umelipuka tena. Sururu haiingii. Mmoja anazuiwa na maji, mwingine na jiwe, na wote wawili wana familia zinazosubiri choo.

Mhandisi aliwaeleza vilima vya Mwanza, ambako nyumba zimepanda juu ya mawe na gari la kunyonya majitaka haliwezi kufika. Huko sehemu nyingine wametandaza mabomba membamba yanayoteremka kwenye miamba, nyumba kadhaa zikitumia njia moja. Aliposema “kutapisha choo”, mama alisita. Neno hilo kwake lilikuwa geni. Akalirudia taratibu, akalielewa, wakacheka wote. Hakuna aliyehitaji vifaa vya masikioni vya wakalimani.

Nilikuwa nimepanga dakika 20 kwa kila kundi, na kengele ilikuwa mkononi mwangu. Sikuipiga. Mhandisi alikuwa amegeuza ratiba yake na kuchora nyuma yake mteremko, bomba na tangi. Afisa wa Goma akamwuliza bomba linafungwaje kwenye jiwe lisipasuke, na mama akataka kujua nani analizibua likiziba, na analipwa na nani. Swali hilo la malipo liliwachukua muda kuliko yote.

Wahudumu walianza kukusanya meza. Watu wawili kutoka kundi la jirani walikuwa wamesogea kutazama mchoro, mmoja akiwa amepiga magoti ili aone vizuri. Mama wa Nyalenda akageuka, akanitafuta kwa macho, akaniomba kiti kingine.