Bomba Lavuja, na Majirani Wanunianao

Kama unaishi katika nyumba ya kupanga yenye mita moja ya maji, bila shaka waijua siku ile ya mwezi ambapo ankara huletwa, na majirani wema huanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Nani afuaye kila siku? Nani ana watoto wengi? Katika nyumba yetu ya Dar es Salaam familia tatu zilinuniana hivyo, wala hakuna aliyelitazama bomba la jikoni lililokuwa likidondosha usiku kucha. Nililikingia ndoo: tangu magharibi hadi magharibi ya pili, lita 10. Kwa mwaka ni lita 3,650 zisizoosha hata kijiko.

Fundi aliahidi kuja kesho, na kesho hiyo ikatimiza siku tisa. Ndipo nikashika njia ya duka la vifaa vya ujenzi.

Jaribu kwanza kubadili mpira mdogo wa ndani, kwani mara nyingi ndio uliokwisha. Letu lilikuwa limelika mpaka shaba yenyewe, hivyo nikanunua jipya la nusu inchi. Waarifu majirani wachote maji, funga koki kuu, kisha fungua bomba likauke. Sasa kuwa mwangalifu kuliko popote: unapolegeza bomba, paipu itokezayo ukutani ishikwe imara kwa spana ya pili. Bila hivyo paipu huweza kukatika ndani ya plasta, na kazi ya nusu saa ikawa ya kuvunja ukuta. Binti yangu wa miaka 13 ndiye aliyeishika spana hiyo, ile ambayo mafundi wameipa jina lisilofaa kuandikwa katika ukurasa wa familia, naye hakuilegeza.

Uzi wa bomba jipya uvishe utepe mweupe mara tano au sita, ukizungusha upande uleule wa kukazia. Ukienda kinyume utepe hujikunja na kutoka. Kaza kwa mkono, halafu kwa spana, taratibu, mpaka mdomo utazame chini. Usirudishe nyuma hata kidogo.

Usiku ule tuliyafunga mabomba yote, tukaenda watu wazima wa familia zote tatu kuitazama mita. Kigurudumu chake kilikuwa kimesimama. Mama wa chumba cha mbele, aliyekuwa akilaumiwa kwa kufua, alikitazama kwa muda mrefu kuliko sisi sote, kisha akarudi ndani pasipo neno.