Udongo Ungali Maji

Wahenga wa pwani walinena: udongo uwahi ungali maji. Huko Busi, katika nyanda za juu za Kondoa, yuko mama aliyeuchukua usemi huo kama ulivyo, akautia mikononi mwa mwanawe wa miaka mitano.

Kitabu chao ni kimoja tu, chembamba, kilichonunuliwa mnadani, na habari yake ni bahari. Mna jahazi, pweza, mnazi na mvuvi aliyejifunga kikoi. Kwa msomaji wa visiwani hayo ni mambo ya mlangoni. Kwa mtoto wa Busi ni maajabu. Maji ayajuayo ni ya ndoo, ya kisima, na ya korongo lifurikalo kwa saa chache mvua inyeshapo, kisha likarudia mchanga wake.

"Mama, bahari ni kubwa kuliko korongo?"

"Ni kubwa, mwanangu. Huioni ng'ambo yake."

Lakini mtoto haridhiki na jibu asiloweza kulishika. Basi jioni, uwele ukishapepetwa, mama humega udongo wakafinyanga. Jahazi la kwanza lilizama ndani ya beseni. La pili wakaliunda kwa mabua ya mtama, wakayashikiza kwa miiba, hilo likaelea. Siku hiyo mtoto alitambua, pasi na kuambiwa, kwa nini mafundi wa majahazi hawaundi vyombo vyao kwa udongo.

Bidii hiyo ina chanzo chake. Nyumbani mwao husemwa Kirangi, na tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini. Mama huyu aliingia darasani na Kirangi peke yake. Alijua kuhesabu mbuzi na kutofautisha mbegu kwa kuzigusa. Ila alipoulizwa jina la chombo alichokitumia kila siku, alinyamaza, na wenzake wakacheka. Ukimya ule ulimwandama hata akaacha shule kabla ya kumaliza. Hataki mwanawe aurithi. Wala hataki aingie darasani amekiacha Kirangi nje ya mlango, kama viatu vyenye tope.

Mvua ya kwanza iliponyesha, korongo lilishuka na maji mekundu. Mtoto akaliweka jahazi lake la mabua, nalo likachukuliwa kabla hajauondoa mkono. Akalitazama hadi likapotea kwenye kona.

"Litafika kwa yule mvuvi?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Lakini mama alikwisha kuamua kwamba mwanawe hatafundishwa uongo, hata ulio mtamu.

"Halitafika, mwanangu. Hata Bubu, mto wetu mkubwa wa Kondoa, huishia katika kinamasi cha Bahi. Hauioni bahari."

Mtoto akanyamaza. Mama akaogopa, kwa kuwa ukimya aliujua. Kisha mtoto akauliza kama huko Bahi kuna wavuvi. Wako, akaambiwa. Basi, akasema, na kitabu chao kiwepo.

Kikaanza kutengenezwa usiku uleule: kurasa za boksi la sabuni, uzi uliochomolewa kwenye gunia, wino wa mkaa na udongo mwekundu. Kazi hiyo si ngeni katika Kondoa. Kwenye majabali ya Kolo, yaliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, watu wa kale walichora wanyama na binadamu kwa rangi nyekundu, na hadi leo wanaonekana.

Kila picha katika kitabu hicho ina majina mawili, la Kirangi juu na la Kiswahili chini: samaki, matete, mvua, mkono. Walipofika kwenye jahazi, mama hakulijua jina la juu. Hakulibuni. Akaiacha nafasi wazi, akamwambia mwanawe kwamba watamwuliza bibi. Na asipojua bibi, itamngoja yeye mwenyewe akue.