Zaburi ya 40 Jukwaani

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa usharika niliokuwa nikihudumu alikuja ofisini kwangu, gitaa mgongoni. Alipiga kwenye kwaya ya vijana, lakini yeye na wenzake watatu walikuwa wameanzisha bendi ya roki, na wazee wa kanisa walishalalamika. Nilimwambia achague: kwaya au bendi. "Nimekuelewa, Baba Mchungaji," akajibu kwa adabu. Jumapili iliyofuata sikumwona, wala zile za baadaye.

Nilikuja kujua habari za U2 nikiwa nimeshachelewa. Bendi hiyo ilianza mwaka 1976 Dublin, Ireland, pale mpiga ngoma Larry Mullen alipobandika tangazo shuleni kwao. Watatu kati ya wanne, yaani Mullen, Bono na The Edge, walijiunga na kikundi cha Kikristo kilichoitwa Shalom. Mwaka 1981, wakati wa albamu yao ya pili, October, walisumbuliwa sana na swali kama roki na imani vinaweza kukaa pamoja. Baadhi ya wenzao kikundini walisema haviwezi. The Edge akataka kuacha bendi, Bono naye akasema basi wote waache. Hatimaye walitoka kikundini, ila imani hawakuiacha. Mwaka 1983 albamu ya War ilimalizika kwa wimbo "40", uliotoka katika Zaburi ya 40. Kwa miaka mingi walifungia matamasha yao kwa wimbo huo: wanamuziki wanashuka jukwaani mmoja mmoja, na umati unabaki ukiimba zaburi. Mimi kuwafanya washarika waimbe zaburi hadi mwisho bila kinanda ni kazi!

Mwaka 1987 The Joshua Tree iliwapa nafasi yao katika historia ya muziki. Ukubwa waliutaka tangu mwanzo, wala hawakuficha. Kijana wangu naye aliniambia anataka kusikika duniani kote, nami nikasikia majivuno tu. Luther, aliyepiga luti na kutunga nyimbo, aliuweka muziki karibu kabisa na theolojia. Hayo niliyasoma chuoni, na mtihani niliufaulu.

Mama yake bado hukaa benchi la tatu. Mwezi uliopita nilimwomba namba ya simu ya mwanawe. Aliniangalia kwa muda, kisha akaiandika nyuma ya bahasha ya sadaka. Nimepiga mara mbili, haijapokelewa. Kesho nitapiga tena.